Duara, Kamba na Jicho la Mchoraji: Sarakasi kama Mada katika Uchoraji wa Ufaransa, 1879–1905

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna sarakasi ilivyoingia katika uchoraji wa Ufaransa kati ya mwaka 1879 na 1905, kwa kurejelea michoro ya Degas, Renoir, Toulouse-Lautrec, Seurat na Picasso. Hoja kuu ni kwamba uwanja wa duara uliwapa wachoraji tatizo la kiufundi ambalo jukwaa la tamthilia halikuwa nalo, na kwamba kila mmoja wao alilitatua kwa kuondoa kitu fulani machoni pa mtazamaji. Mara nyingi kilichoondolewa ni kazi ya mwanasarakasi mwenyewe. Mchoro wa Degas wa Miss La La unapewa nafasi kubwa zaidi kwa sababu ndani yake suala la ufundi na suala la utu wa anayechorwa haviwezi kutenganishwa.

1.0 Utangulizi

Neno sarakasi katika Kiswahili hutaja kwanza michezo ya viungo: kupinduka, kutembea juu ya kamba, kubebana mabegani. Vijana wanaweza kucheza sarakasi ufukweni au mtaani bila hema, bila farasi na bila kiingilio, na hakuna atakayesema kwamba hiyo si sarakasi. Neno la Kifaransa cirque, na lile la Kilatini lilikotoka, linaanzia kwingine kabisa. Linataja duara, yaani mahali, kabla ya kutaja kinachofanyika hapo. Tofauti hii si ya kamusi peke yake. Msomaji wa Kiswahili anayekutana na mchoro wenye jina la sarakasi hutarajia kuona mwili ukifanya jambo gumu; mchoraji wa Paris wa karne ya 19 alirithi kwanza jengo, viti, taa na umbo la uwanja, kisha akalazimika kuamua mwili uwekwe wapi ndani yake.

Kwa hiyo swali linaloongoza makala hii ni jepesi kulitamka: mchoraji alisimama wapi alipoichora sarakasi, na kutoka hapo aliposimama ni nini hakikuonekana? Data imetokana na michoro michache iliyochaguliwa kwa kigezo kimoja. Karibu yote inahusiana na jengo moja lililokuwa Montmartre, kaskazini mwa Paris, lililojulikana kwanza kama Cirque Fernando na baadaye Cirque Medrano. Kigezo hiki kina faida ya wazi. Jengo likiwa ni lilelile, tofauti kati ya mchoro mmoja na mwingine haziwezi kuelezwa kwa tofauti ya mahali, bali kwa uamuzi wa mchoraji.

2.0 Duara na tatizo lake

Sarakasi ya kisasa huhesabiwa kuanzia mwaka 1768, wakati Philip Astley, askari wa zamani wa kikosi cha wapanda farasi, alipoanza kuonyesha mbinu zake jijini London karibu na mto Thames. Duara halikuchaguliwa kwa ajili ya uzuri. Farasi anayekimbia kwa mwendo mmoja katika mzunguko humwezesha mpandaji kuegemea ndani na kusimama juu ya mgongo wake bila kuanguka, kwa kuwa nguvu inayomsukuma nje humsaidia kusawazisha uzito wake. Kipenyo kilichozoeleka, yaani takribani mita 13, kilitokana na hesabu hiyo ya farasi na mpandaji, na kimeendelea kutumika hata katika sarakasi ambazo leo hazina farasi.

Umbo lililomfaa farasi halikumfaa mchoraji. Tangu karne ya 15, uchoraji wa Ulaya ulizoea kuichukulia picha kama sanduku lililofunguliwa upande mmoja: mtazamaji yuko mbele, matukio yako ndani, na kuna nyuma ambako vitu huweza kufichwa. Jukwaa la tamthilia linafuata mpangilio huohuo, na ndiyo maana wachoraji walihamisha matukio ya jukwaani kwenye turubai bila taabu kubwa. Pierrot wa Watteau, aliyechorwa mnamo 1718–1719, amesimama akitutazama kana kwamba pazia limefunguliwa sasa hivi. Uwanja wa duara hauna mbele wala nyuma. Popote mtu anapoketi, ng'ambo yake wameketi watu wengine wanaomtazama. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya kazi hufanyika juu, hewani, mahali ambapo mstari wa upeo hausaidii chochote.

Cirque Fernando liliongeza ugumu huo. Lilianzishwa na Ferdinand Beert, Mbelgiji aliyeanza na jengo la muda mwaka 1873, na jengo la kudumu lilifunguliwa mwaka 1875 kwenye pembe ya boulevard Rochechouart na rue des Martyrs. Lilikuwa na pande kumi na sita, paa lililobebwa na boriti za chuma, na madirisha yaliyozunguka sehemu ya juu ya kuta. Wachoraji wengi waliishi au kufanya kazi hatua chache kutoka mlangoni mwake. Huenda ukaribu huo ndio sababu ya kwanza, na ya kawaida kabisa, iliyolifanya jengo hilo liwe na historia ndefu katika uchoraji.

3.0 Miss La La: dari badala ya uwanja

3.1 Mwanasarakasi

Mwanamke aliyejulikana kama Miss La La alizaliwa mwaka 1858 huko Stettin, mji uliokuwa wa Prussia na ambao leo ni Szczecin nchini Poland. Jina lake lilikuwa Olga Albertina Brown. Baba yake alikuwa mtu mweusi na mama yake mzungu. Alionyesha sarakasi tangu utotoni, na alipofika Cirque Fernando majira ya baridi ya 1878–1879 alikuwa tayari na sifa katika miji kadhaa ya Ulaya. Utaalamu wake ulikuwa taya. Alipandishwa hadi karibu na dari kwa kamba na kapi, akiwa ameuma kwa meno kipande kilichofungwa mwishoni mwa kamba, bila kushika chochote kwa mikono. Katika tendo lililompa umaarufu zaidi alining'inia kwa magoti kwenye bembea, kichwa chini, huku akishikilia kwa meno mnyororo uliobeba mzinga. Kisha mzinga huo ulilipuliwa.

Matangazo hayakumwita kwa jina lake. Aliitwa Venus Mweusi, na pia chotara wa mzinga. Majina haya yaliuza tiketi kwa kuunganisha mambo mawili ambayo hadhira ya wakati ule ilikwenda kuyashangaa: rangi ya ngozi yake na nguvu zake. Ikumbukwe kwamba alikuwa mzaliwa wa Ulaya, aliyekulia Ulaya na kufanya kazi Ulaya. Ugeni alioubeba jukwaani ulikuwa sehemu ya vazi.

3.2 Mchoro

Degas alihudhuria maonyesho yake mara kadhaa mwezi Januari 1879 na kuchora michoro ya maandalizi, mingine kwa penseli na chaki, mingine kwa pasteli. Pasteli mojawapo iko Tate jijini London na nyingine iko katika jumba la Getty nchini Marekani. Mchoro wa mwisho, wa rangi ya mafuta kwenye turubai yenye kimo cha sentimita 117.2 na upana wa sentimita 77.5, ulioneshwa mwaka huohuo katika onyesho la nne la wachoraji wa mkondo wa impreshenisti. Sasa umo katika National Gallery, London.

Mtu anayeutazama kwa mara ya kwanza hugundua upesi kile kisichokuwapo. Hakuna uwanja. Hakuna hadhira, farasi, wala msaidizi anayevuta kamba. Sehemu kubwa ya turubai imejazwa na dari: kuta za rangi ya machungwa iliyokolea, boriti, madirisha yenye matao, mapambo ya kijani. Miss La La yuko juu, upande wa kushoto, mikono imetandazwa, magoti yamekunjwa, kichwa kimeinuliwa kuelekea kamba inayotoka nje ya ukingo wa picha. Tunamwona kutoka chini. Kwa maneno mengine, Degas hakulitatua tatizo la duara. Alilikwepa kwa kumlazimisha mtazamaji ainue shingo. Duara limebaki chini, mahali ambapo mtazamaji mwenyewe ameketi.

Uamuzi huu ulimgharimu. Boriti za jengo lenye pande kumi na sita, zikitazamwa kutoka chini na kwa upande, ni mtihani mgumu hata kwa msanifu majengo. Degas alichora paa peke yake, mbali na mwanasarakasi, na inaelezwa kwamba hatimaye aliomba msaada wa mtaalamu wa kanuni za kuonyesha kina na umbali ili mistari ya dari ikae sawa. Hili linastahili kuzingatiwa, kwa kuwa Degas hakuwa mchoraji wa kukubali msaada kirahisi. Dari lilikuwa na kazi ya kufanya. Miss La La hana ardhi chini yake, na kamba ni uzi mwembamba tu. Kinachomweleza mtazamaji kwamba mwanamke huyu yuko juu sana ni mistari ya boriti. Zikikosewa, hatari inatoweka na anayebaki ni mtu anayeelea.

3.3 Kilichobaki nje

Hapa ndipo sifa ya mchoro na upungufu wake vinapokutana. Kwa upande mmoja, Degas amemwondolea Miss La La takribani kila kitu ambacho matangazo yalimwekea. Hakuna mzinga, hakuna Venus, hakuna umati unaoshangaa. Kilichobaki ni mtaalamu akiwa kazini, aliyechorwa kwa umakini uleule ambao Degas aliwapa wacheza baleti na wafuaji nguo. Katika kipindi ambacho miili ya watu weusi katika uchoraji wa Ufaransa ilionekana zaidi kama ya watumishi au mapambo ya Mashariki ya kubuni, mwanamke mweusi aliye peke yake, juu ya kila mtu, akifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuifanya, ni jambo adimu.

Kwa upande mwingine, uso wake umegeuzwa na kuinuliwa kiasi kwamba hauwezi kutambulika kikamilifu. Mwanga unamfikia kutoka chini, na rangi ya machungwa ya kuta imepenya katika ngozi yake hadi watazamaji wengi wa karne iliyofuata waliutazama mchoro bila kutambua kwamba mhusika ni mtu mweusi. Marilyn R. Brown, katika makala yake ya mwaka 2007, alilifanya suala la rangi kuwa kiini cha usomaji wa mchoro huu, na tangu hapo imekuwa vigumu kuujadili kama zoezi la kuchora paa tu. Yafaa kuongeza kwamba ufichaji huu hautokani lazima na nia mbaya. Ni tokeo la ufundi uleule unaosifiwa. Ukimtazama mtu kutoka chini huku akiwa ameuma kamba, uso ndio kitu cha kwanza kupotea. Mchoraji aliyechagua pembe hiyo alichagua pia kupoteza uso.

Kuna jambo la tatu ambalo wahakiki hulipita haraka. Mchoro unaonyesha kupandishwa, si tendo kuu. Nguvu ya taya iliyobeba mzinga imegeuka kuwa wepesi. Mikono iliyotandazwa inaweza kusomwa kama mbawa. Mtazamaji asiyejua anaweza kuhisi uzuri wa mkao bila kuhisi uzito, ilhali uzito ndio uliokuwa sarakasi yenyewe.

Habari za maisha ya Olga Brown baada ya 1879 zimepatikana kutoka nje ya historia ya sanaa, yaani katika mabango, magazeti na picha za kamera. Alifanya kazi na mwenzake mzungu aliyejulikana kama Kaira, na wawili hao walitangazwa kama vipepeo wawili. Kaira alifariki baada ya kuanguka mwaka 1888. Mwaka huohuo Olga aliolewa na Emanuel Woodson, mwanasarakasi Mmarekani mweusi. Mwaka 2024 National Gallery iliandaa onyesho lililouweka mchoro wa Degas karibu na mabango na picha zake. Kwa mtafiti, jambo muhimu katika onyesho hilo lilikuwa mpangilio: uso uliopotea kwenye turubai ulining'inizwa jirani na turubai.

4.0 Mchana wa Renoir

Mwaka uleule wa 1879, Renoir alichora wasichana wawili wa Cirque Fernando, Francisca na Angelina Wartenberg. Walikuwa mabinti wa familia iliyoendesha sarakasi hiyo, wenye umri wa miaka 17 na 14, ingawa katika mchoro wanaonekana wadogo zaidi. Wamesimama uwanjani baada ya mchezo. Mmoja anaishukuru hadhira, mwingine amekumbatia machungwa yaliyotupwa na watazamaji kama zawadi.

Wasichana hao hawakuchorwa uwanjani. Renoir aliwaleta studio ili awachore kwa mwanga wa mchana, kwa kuwa mwanga wa gesi, kwa maoni yake, uliharibu sura za watu. Matokeo ni sarakasi isiyo na usiku, jasho wala vumbi. Hadhira imesukumwa ukingoni, na kinachoonekana ni vipande vya wanaume waliovaa nguo nyeusi. Macho ya wanaume wazima kwa wasichana hawa yamo ndani ya picha, lakini yamekatwa nusu ili yasimsumbue mtazamaji. Mchoro huu ulinunuliwa na Bertha Palmer wa Chicago mwaka 1892, naye aliupenda kiasi cha kusafiri nao. Hilo si ajabu. Ni picha ya kupendwa. Ikilinganishwa na ya Degas, hata hivyo, haina swali inalojiuliza kuhusu sarakasi.

5.0 Mjeledi na mistari: Toulouse-Lautrec na Seurat

Henri de Toulouse-Lautrec alirudi kwenye duara moja kwa moja. Katika mchoro wake wa mpanda farasi wa kike wa Cirque Fernando, wa 1887–1888, ukingo wa uwanja umepinda katika turubai nzima na farasi anakimbia akituonyesha makalio. Msimamizi wa uwanja ameshika mjeledi. Mpandaji amegeuza kichwa kumtazama, na mstari wa macho unaowaunganisha ndio unaoushikilia mchoro wote. Viti vingi nyuma yao ni vitupu. Moulin Rouge ilipofunguliwa mwaka 1889, mchoro huu ulitundikwa katika ukumbi wake wa kuingilia.

Miongoni mwa kazi zinazojadiliwa hapa, hii ndiyo pekee inayoonyesha waziwazi kwamba sarakasi ni mahali pa amri. Mjeledi unaelekezwa kwa farasi, lakini anayeusikiliza ni mwanamke. Lautrec hakupunguza ukali wa uso wa msimamizi wala hakumpa mpandaji urembo usiokuwa wake. Pengine kuna sababu ya kimaisha: mtu ambaye miguu yake iliacha kukua baada ya kuvunjika utotoni aliutazama mwili wa mwanasarakasi kwa ujuzi ambao Renoir hakuwa nao. Mwaka 1899, akiwa amefungiwa katika kliniki huko Neuilly kwa sababu ya ulevi, alichora mfululizo wa michoro ya sarakasi kwa kumbukumbu tu, na michoro hiyo ikatumika kuwathibitishia madaktari kwamba akili yake ilikuwa timamu. Katika mingi kati ya hiyo, viti vya hadhira havina watu.

Lautrec vilevile alimchora Rafael Padilla, aliyejulikana kama Chocolat, mzaliwa wa Cuba aliyekuwa mtumwa utotoni kabla ya kuwa chale mashuhuri wa Paris pamoja na George Foottit. Ulinganisho wake na Miss La La unafundisha. Chocolat alipata umaarufu kwa kupigwa na kudhihakiwa mbele ya watu. Miss La La alipata wake kwa kuwa juu ya watu wote. Hata hivyo mchoro wa Lautrec wa 1896 unamwonyesha Chocolat akicheza dansi katika baa, nje ya uwanja, mkono mmoja umeinuliwa, bila mtu wa kumpiga. Mchoraji alilazimika kumtoa katika sarakasi ili aonekane kama mtu mwenye mwili wake mwenyewe.

Georges Seurat alianza na nje pia. Mchoro wake wa 1887–1888, ulioko Metropolitan Museum jijini New York, unaonyesha wanamuziki wa sarakasi ya Corvi wakivuta wateja usiku chini ya taa za gesi. Una ukimya wa kushangaza kwa picha ya tangazo. Ndipo akageukia Cirque Fernando, katika mchoro aliouonyesha Machi 1891 ukiwa haujakamilika. Alifariki tarehe 29 ya mwezi huo akiwa na umri wa miaka 31.

Seurat aliathiriwa na nadharia ya Charles Henry, kwamba mistari inayopanda na rangi zenye joto huamsha furaha. Mpanda farasi wake amesimama kwa mguu mmoja, mistari yote inapanda, na manjano yametawala. Lakini hadhira imepangwa katika safu zilizonyooka kama mistari ya daftari, waliovaa vizuri wakiwa mbele na wasio na kitu wakiwa wamesimama juu kabisa, na hakuna safu inayoonekana kufurahi sana. Nadharia imetekelezwa kikamilifu kwa wanasarakasi na haikuwafikia waliolipa kiingilio. Iwapo hii ilikuwa kejeli au ni hali ya mchoro kutokamilika, wahakiki hawajakubaliana. Usomaji wa kejeli una nguvu zaidi, kwa sababu mpangilio wa matabaka katika viti umefanywa kwa uangalifu mno kuwa bahati nasibu.

6.0 Nje ya duara

Mwishoni mwa miaka ya 1890 jengo lilichukuliwa na chale Geronimo Medrano na kubadilishwa jina. Picasso, aliyehamia Montmartre mwaka 1904, alikuwa mtazamaji wake wa mara kwa mara. Hata hivyo, katika kazi yake kubwa ya kipindi hicho, ile ya familia ya wanasarakasi wa kuhamahama ya mwaka 1905, hakuna chochote cha Medrano. Watu sita wamo katika eneo tupu lenye rangi ya mchanga. Watano wamesimama pamoja bila kutazamana, na mwanamke mwenye kofia ameketi peke yake kando. Wamevaa mavazi ya kazi lakini hawafanyi kazi. Tatizo lililomsumbua Degas halipo tena, kwani duara, kamba na dari vyote vimeondolewa. Hata hadhira haipo.

Mchoro huo ulinunuliwa na kundi la wawekezaji lililoongozwa na André Level, na katika mnada wa Machi 1914 jijini Paris uliuzwa kwa faranga 11,500. Kundi hilo lilikuwa na kanuni ya kuwarudishia wachoraji asilimia 20 ya faida, na Picasso alipata sehemu yake. Kanuni hiyo haikuwataja waliochorwa. Jengo la Medrano lenyewe liliendelea na maonyesho kwa miongo kadhaa zaidi, kisha likabomolewa katika miaka ya 1970 na nyumba za kuishi zikajengwa mahali pake.